Kutoa data za watafiti wetu kwenye fulashi: ORCID, Zenodo na priprinti, hatua kwa hatua

Takwimu_Bkv (Bukavu), mwenye uzi

Ba ndugu, uzi huu ni wa wale waliobebeshwa kazi ya kuwasukuma watafiti wa idara zao watumie zana za kidijitali kugawana utafiti: wakutubi, maasistanti, mashefu wa travo, wakuu wa maabara. Swali la "faida yake nini" tusilipoteze muda nalo. Wavuti yenyewe ilibuniwa na Tim Berners-Lee pale CERN mwaka 1989 ili wanasayansi wasomeane hati bila kutumiana karatasi. Leo data za TFC (kazi za kumaliza masomo) na memwari (tasnifu) zetu bado zinatembea kwa fulashi mpaka sekretariati publiki (duka la kuchapa), zinarudi na virusi, na baada ya mwaka hakuna anayejua toleo la mwisho ni lipi kati ya "finale", "finale2" na "finale_kweli".

Rai yangu ni hii, anayetaka aipinge: acheni semina za siku nzima. Mtafiti habadili tabia kwa kutazama slaidi. Kaa naye mezani na faili MOJA la kazi iliyokwisha, kwa mfano jedwali la makala iliyotoka au la memwari iliyotetewa, msiinuke mpaka faili hilo lina DOI (namba ya kudumu ya kuitaja kazi mtandaoni). Na mvizie wakati ambapo haja ni yake mwenyewe, yaani anapoandaa dosie ya kupanda gredi au jarida linapomwuliza data ziko wapi. Nje ya hapo atakujibu "tutaona" na hamtaona.

Utaratibu ninaoupendekeza:

1) ORCID kwanza. Ni namba ya kumtambulisha mtafiti, ya tarakimu 16 katika mafungu manne ya nne nne (ya mwisho inaweza kuwa herufi X), bure, ipo tangu 2012. Weka barua pepe mbili, ya chuo na ya binafsi. Ya chuo ikifungwa siku mtu anapohama, naye hakuweka ya pili, akaunti inakuwa ngumu kuirudisha na mtu anafungua nyingine. Hapo tayari ana namba mbili na kazi zake zimegawanyika.

Sasa majina. Fomu ina nafasi mbili tu, sisi tuna jina, postnom (jina la pili) na prenom (jina la kwanza, kama Jean). Prenom iende nafasi ya kwanza. Jina na postnom ziende pamoja kwenye nafasi ya jina la ukoo. Kisha sehemu ya majina mengine andika kila namna ambavyo majarida yamewahi kumwandika mtu huyo, hata zile zilizogeuzwa. Na mpangilio huo huo utumike kila mahali kuanzia leo. Hapa ndipo watafiti wa Kongo wanapopoteza nukuu zao nyingi: mtu mmoja anaonekana kama watu watatu.

2) Zenodo. Ni hifadhi ya mtandaoni iliyoanzishwa na CERN mwaka 2013, bure, inapokea data, ripoti, slaidi, picha, programu. Rekodi moja inabeba mpaka GB 50 na faili 100. Ingia kwa kutumia ORCID yenyewe ili zifungamane. Mazoezi yafanyike kwenye sandbox.zenodo.org, ambako DOI si za kweli na makosa hayamuumizi mtu. Watu wenye umri wanaogopa kitufe cha kuchapisha. Wape mahali pa kukibonyeza bila hofu.

3) Omba DOI mapema. Ukiwa bado kwenye rasimu unaweza kuihifadhi kabla ya kuchapisha, ukaiandika ndani ya makala na ndani ya faili la maelezo. Ukichapisha, DOI inaanza kufanya kazi.

4) Leseni. Kwa data na maandishi CC BY 4.0 (ya Creative Commons) inatosha: kila mtu anatumia, sharti akutaje. Tahadhari na ile yenye ND (hairuhusu kugawa kazi iliyogeuzwa). Tafsiri inahesabika kuwa kazi iliyogeuzwa, kwa hiyo makala ya ND kuhusu kipindupindu hairuhusiwi kutafsiriwa kwa Kiswahili na kugawiwa mpaka mwenye haki akubali. Wengi wanaichagua wakidhani inawalinda.

5) Faili la README, yaani la maelezo ya data. Bila hilo yote ya juu ni bure. Nitarudi kwalo kama mtu akiuliza.

---

Jiwe_la_Moto (Goma)

Aksanti yaya Takwimu. Hatua ni nzuri, ila umezungumza kama mtu mwenye jedwali la KB 300. Huku kwetu kuna watu wa mitetemo na volkano. Kituo kimoja cha chaneli tatu, sampuli 100 kwa sekunde, kinatoa sampuli 25,920,000 kwa siku. Mwaka mmoja ukihifadhiwa faili moja kwa kila chaneli kwa kila siku, ni faili 1,095. Zenodo umesema 100. Na intaneti inakatika, umeme unakatika. Tunafanyaje?

---

Takwimu_Bkv

Swali zuri, ndugu Jiwe. Kusanya kwa mwezi: tar au ZIP kumi na mbili kwa mwaka kwa kila kituo, na jina liseme kituo na mwezi, kwa mfano STA01_2021-05.tar. Usitegemee ZIP ikupunguzie ukubwa, kwa sababu miniSEED (muundo wa data za mitetemo) kwa kawaida imeshabanwa ndani yake. Kazi ya kifurushi hapo ni kupunguza idadi tu.

Msikate faili kubwa kuwa vipande vya .001, .002, .003. Anayehitaji siku moja ya Mei 2021, mwezi Nyiragongo ilipolipuka (tarehe 22), atalazimika kupakua vipande vyote, na kimoja kikiharibika vyote vimekufa. Kata kwa maana: mwezi, kituo, eneo.

Kuhusu mtandao, piga hesabu kabla ya kununua mega. Kasi ya kupandisha ikiwa megabiti 2 kwa sekunde, GB 1 inachukua kama saa moja na dakika saba, na MB 200 dakika kumi na tatu. Upandishaji ukikatika katikati hauendelei ulipoishia, unaanza upya faili lile. Ndiyo maana faili za MB 150 hadi 200 ni rafiki zetu. Rasimu inabaki, na faili zilizokwisha kupanda zinabaki, hivyo unaweza kupandisha tatu leo usiku na nne kesho.

Ukimaliza, hakiki. Zenodo inaonyesha alama ya MD5 (inayokokotolewa kutokana na yaliyomo) chini ya kila faili. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika

certutil -hashfile STA01_2021-05.tar MD5

na kwenye Linux ni md5sum. Alama zikilingana, faili limefika zima. Zisipolingana futa na upandishe tena kabla ya kuchapisha, kwa maana baada ya kuchapisha kwa kawaida faili halibadilishwi, unafungua toleo jipya.

Na kwa watu wa mitetemo: msisahau StationXML, faili la maelezo ya kituo na chombo. Bila majibu ya chombo, namba zilizomo ni hesabu tupu za mashini, hakuna anayeweza kuzigeuza kuwa mwendo wa ardhi.

---

Ramani_Kivu (Goma)

Naongeza upande wa GIS (data za ramani), maana hapo ndipo data za Kivu zinapoharibika bila mtu kujua.

Shapefile, muundo wa ramani uliozoeleka, si faili moja. Kuna .shp, .shx, .dbf na .prj. Mtu anatuma .shp peke yake kwenye WhatsApp, mwenzake hafungui kitu. Au anatuma tatu na kuacha .prj, ramani inafunguka ila programu haijui iko wapi duniani. Tena majina ya safu yanakatwa kwenye herufi 10: "profondeur_eau" na "profondeur_sol" yote yanakuwa "profondeur", na programu inabandika namba ya kutofautisha ambayo hakuna anayekumbuka maana yake. Tumieni GeoPackage, faili moja la .gpkg, programu ya ramani ya QGIS inaliandika bila shida.

Mfumo wa viwianishi uandikwe kwa namba. Goma, Bukavu na Lubumbashi zote ziko UTM kanda 35 Kusini, yaani EPSG:32735 kwa WGS 84. "UTM" peke yake haitoshi. Ukiweka 32635, ambayo ni kanda hiyo hiyo ya Kaskazini, umeharibu.

Na kwa wanaotumia digrii, alama ya kutoa ndiyo adui. Bukavu ni karibu -2.50, 28.86. Ondoa alama ya kutoa, uko Haut-Uele si mbali na Mungbere. Geuza latitudo na longitudo, uko jangwani Algeria. Jaribio la sekunde tano: buruta CSV yako ndani ya QGIS juu ya ramani ya msingi, tazama kama nukta zimekaa mahali pake. Nukta moja ikiwa Sahara, usichapishe.

Desimali nne ni kama mita 11, tano ni kama mita 1. GPS ya simu haistahili desimali nane. Mtu akiona nane anajua mwandishi hakuangalia data yake.

---

Mzee_wa_Idara (Bukavu)

Vijana, nawasoma. Niwaulize lile ambalo maprofesa wengi wanaliogopa ila hawalisemi. Sisi tunakusanya sampuli kwa miaka, tunapita barabara mnazozijua. Tukiziweka hadharani, mtu wa Ulaya mwenye mashini kubwa na muda atachapisha kabla yetu. Mnatuhakikishiaje?

---

Takwimu_Bkv

Heshima kwako, Mwalimu. Woga huo una msingi, na atakayekwambia hauna msingi hajui historia ya kituo cha utafiti cha Lwiro na ya makumbusho za Ubelgiji.

Lakini angalia mambo haya. Kuweka data kwenye hifadhi hakulazimu kuzifungua leo. Zenodo ina kipindi cha kufungia: maelezo yanaonekana, DOI inapatikana, faili zimefungwa mpaka tarehe uliyochagua, kisha zinafunguka zenyewe. Unaweza pia kuzifunga bila tarehe na watu wakakuomba. Wakati huo huo una ushahidi wenye tarehe kwamba kazi ni yako. Data zilizomo kwenye fulashi hazina tarehe wala mwenyewe. Anayezinakili leo hakuna utakachomwonyesha kesho.

Kwa wenye haraka ya ugunduzi kuna priprinti, yaani makala inayowekwa hadharani kabla jarida halijaipitia. Mfano uko mlangoni petu. Mpox ya Kamituga: maelezo ya tawi jipya la kirusi, lile lililoitwa Ib, yaliwekwa medRxiv Aprili 2024, na makala iliyopitiwa ikatoka Nature Medicine Juni mwaka huo. OMS (Shirika la Afya Duniani) ilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Wangesubiri jarida peke yake, maabara nyingine zingepoteza miezi, na jina la Kamituga pengine lingeandikwa na wengine.

Sampuli zenyewe za viumbe ni suala jingine: kuna Itifaki ya Nagoya juu ya kugawana faida zake, na Kongo ni mwanachama. Makubaliano ya nani anapata nini yaandikwe kabla sampuli haijavuka mpaka. Hilo halitatuliwi na Zenodo.

---

Mzee_wa_Idara

Hiyo ya kufungia hatujaambiwa kamwe kwenye semina zenu. Nimeelewa. Ila jarida halitakataa makala kwa sababu priprinti ilitangulia?

---

Mkutubi_wa_Ibanda (Bukavu)

Mwalimu, nijibu mimi hapo. Mengi hayakatai, lakini usikisie. Kuna huduma ya bure ya Jisc iliyojulikana kwa jina la Sherpa Romeo, siku hizi inaitwa Open Policy Finder. Andika jina la jarida au ISSN. Inakuonyesha unaruhusiwa kuweka toleo gani, wapi, na baada ya miezi mingapi. Kuna matoleo matatu: uliyotuma, iliyokubaliwa baada ya marekebisho, na PDF iliyopangwa na mchapishaji. Kwa majarida mengi ya kulipia kusoma, la kati ndilo unaloruhusiwa kuliweka hadharani, na ndilo watu wanalolitupa! Wanabaki na PDF ya mchapishaji wasiyoruhusiwa kuigawa. Fundisheni watu wahifadhi faili la Word la siku makala ilipokubaliwa.

Mpangilio wa kutuma pia una maana. bioRxiv haipokei makala iliyokwisha chapishwa jaridani. medRxiv inataka tamko la kamati ya maadili. arXiv inaweza kumtaka mwandishi mgeni adhaminiwe na mtu wa fani hiyo. Asiyepata pa kuingia, Zenodo inapokea priprinti pia, kwa Kifaransa au Kiswahili bila neno.

ResearchGate ni mtandao wa kujuana, tusiuite hifadhi. Inafaa kumwomba mtu makala, ila kiungo chake si mahali pa kumwelekeza msomaji wa miaka ishirini ijayo.

Na kusoma tusisahau, maana hakuna atakayegawa asipoonja faida ya kugawiwa. Mpango wa majarida wa Research4Life (HINARI ya afya tangu 2002, AGORA ya kilimo, na wenzake) ni bure kwa taasisi za Kongo. Inasajiliwa na TAASISI, si mtu mmoja mmoja. Waulizeni maktaba zenu neno la siri liko kwa nani. Mara nyingi lipo, limelala kwenye droo. Unpaywall ikiwekwa kwenye kivinjari inatafuta nakala halali ya bure kila unapofungua makala iliyofungwa. Zotero kwa kupanga marejeo: inafanya kazi bila intaneti, ila nafasi ya bure ya PDF kwenye seva yao ni MB 300. Izimeni sehemu ya kusawazisha faili, acheni marejeo tu yasawazishwe, hamtafikia kikomo.

Wenye kuombwa dola na majarida: tafuteni jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa. Halimo, na linakuahidi kukubali ndani ya siku tatu? Kimbia. Limo, na lina ada? Omba msamaha wa ada siku unapotuma makala. Wachapishaji wengi hawasikilizi ombi lililokuja baada ya kukubaliwa.

---

Daktari_Takwimu (Goma)

Kabla hamjawapa watu ari ya kufungua kila kitu: breki kidogo kwa sisi wa afya na wa masuala ya kijamii.

Data nyingi za huku zinakusanywa kwa KoboToolbox (fomu za kwenye simu). Ukitoa faili lake, kuna safu ambazo mtafiti haoni kwa sababu fomu ilizijaza yenyewe: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, namba ya kifaa, jina la mtumiaji, pengine namba ya simu, na GPS ya nyumba. Kufuta safu ya "jina" hakutoshi. Mama wa miaka 43, mtaa fulani, watoto tisa, mkimbizi kutoka kijiji fulani: jirani yake anamjua bila jina. Kivu si Uswisi, ba ndugu. Data ya manusura wa ubakaji au ya wakimbizi ikivuja, mtu anaweza kuuawa.

Kinachofanyika: futa vitambulisho vya moja kwa moja; geuza umri kuwa makundi ya miaka mitano au kumi; kijiji kiwe eneo la afya au wilaya; kisha hesabu kila mchanganyiko wa safu zilizobaki (jinsia, kundi la umri, eneo, kazi) una watu wangapi. Mchanganyiko wenye watu chini ya watano, unganisha makundi au futa. Kwa viwianishi, tazama tafiti za DHS (za kitaifa za afya na idadi ya watu) zinavyofanya: vituo vya mjini vinasogezwa kwa bahati nasibu mpaka km 2, vya kijijini mpaka km 5, na asilimia 1 ya vya kijijini mpaka km 10. Ikibidi, funga faili kabisa na weka hadharani maelezo, dodoso na kamusi ya data peke yake. Hiyo nayo ni kugawana.

Fomu ya ridhaa isiahidi kwamba data "zitaharibiwa baada ya utafiti" kama una nia ya kuzihifadhi. Sentensi hiyo inanakiliwa kutoka fomu za zamani bila kufikiri, na inakufunga mikono. Na sheria ipo: Sheria ya Kidijitali (Code du numérique) ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima juu ya data za watu binafsi.

---

Ramani_Kivu

Naunga mkono, na si kwa watu tu. Viwianishi vya sokwe wa Kahuzi-Biega au vya okapi usiviweke wazi, mwindaji naye anasoma CSV. Punguza mpaka desimali moja ya digrii, kama km 11, na useme umefanya hivyo. Kwa data za GBIF (mtandao wa kimataifa wa data za viumbe) kuna safu maalumu: dataGeneralizations na coordinateUncertaintyInMeters. Ukipunguza kimya kimya bila kujaza hizo, mtu atachora ramani ya usambazaji akidhani nukta zako ni sahihi mpaka mita.

---

Kasapa_Lab (Lubumbashi)

Jambo yenu kutoka L'shi. Yaya Takwimu ulisema utarudi kwenye README, na huku kwetu maabara za maji na udongo ndizo zinazoihitaji zaidi. Shaba, kobalti, namba ndogo sana, watu wanachanganya kila kitu.

---

Takwimu_Bkv

Haya. README ni faili la maandishi tupu (.txt), si Word. Liwe na: nani alikusanya na ORCID zake, wapi, lini mpaka lini, kwa chombo gani na kwa njia gani, kila faili ni nini, na kila SAFU ni nini pamoja na kipimo chake. Hiyo ya safu ndiyo inayochukua muda. Safu inayoitwa "Cu" haisemi kitu: ni mg/L au ug/L? Iliyoyeyuka au jumla? Maji yalichujwa kwa tundu la mikromita 0.45 au hapana? Tofauti ya mg/L na ug/L ni mara elfu moja. Jina liwe Cu_iliyoyeyuka_ug_L. Iandikwe kwa herufi "u" ya kawaida, kwani ile alama ya Kigiriki inageuka takataka mashini ikibadilika.

Halafu makosa ya kila siku ya mashini zetu zenye Excel ya Kifaransa:

Desimali. Excel yetu inaandika 0,35 kwa mkato na kutenganisha safu kwa nukta-mkato. Nje wanategemea 0.35 na mkato kati ya safu. Faili linafunguka upande mmoja tu wa dunia. Geuza desimali ziwe nukta kabla ya kuhifadhi, au sema wazi ndani ya README. LibreOffice Calc inakuuliza kitenganishi na usimbaji wakati wa kuhifadhi, kwa hiyo kwa kazi hii naipenda kuliko Excel.

Usimbaji. Chagua UTF-8. Ukiona "Ã©" mahali pa "é", faili la UTF-8 limesomwa kama la kizamani.

Tarehe. 03/04/2021 ni Aprili kwetu, ni Machi kwa Mmarekani. Andika 2021-04-03.

Thamani zisizopo. Acha wazi, au andika NA. Usiweke 0, maana sifuri ni kipimo. Na -999 itaingia kwenye wastani wa mtu siku moja.

Chini ya kikomo cha kupima. "<0,01" ndani ya safu ya namba inaigeuza safu nzima kuwa maandishi. Gawanya safu mbili: thamani (0.01) na alama (chini_ya_kikomo). Msirudishe nusu ya kikomo kimya kimya; anayechambua ndiye aamue.

Rangi. "Za njano ni zile nilizorudia kupima." CSV haina rangi. Zinapotea.

Idadi ya mistari. Muundo wa .xls wa zamani unaishia mstari wa 65,536. Uingereza mwaka 2020 visa karibu 16,000 vya Covid vilidondoka kwenye orodha kwa sababu hiyo. Nao wana fedha.

---

Kasapa_Lab

Ya alama za chini ya kikomo nimeichukua kama ilivyo. Kwa wanaoandika R au Python: weka msimbo GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo), ila faili lolote linalozidi MB 100 linakataliwa, data ziende Zenodo. Washa kiungo cha GitHub ndani ya Zenodo KABLA ya kutoa toleo. Ukitoa toleo kwanza, halihifadhiwi na watu wanadhani mfumo umekufa. Leseni ya msimbo iwe MIT au GPL. CC haikutengenezwa kwa programu. Na njia kama C:/Users/jina_langu/Desktop ndani ya msimbo haifanyi kazi kwenye mashini ya mwingine yeyote.

---

Mkutubi_wa_Ibanda

Kuna na mlima wa karatasi. TFC na memwari za miaka ya nyuma ziko kwenye rafu, panya na unyevu wa ziwa zinazila. Mnafanyaje?

---

Takwimu_Bkv

Dpi 300, kijivu. Nyeusi-nyeupe tupu inaua picha na penseli. Skana yenye kulisha karatasi kama memwari inaweza kufunguliwa mshono. Kama haiwezi, kamera juu ya stendi na taa mbili za pembeni. Kisha OCRmyPDF:

ocrmypdf -l fra+swa --deskew --rotate-pages ingizo.pdf tokeo.pdf

Inasoma Kifaransa na Kiswahili (pakiti za lugha ziwekwe kwanza), inanyoosha kurasa, na tokeo ni PDF/A, muundo wa kuhifadhi muda mrefu. Haihitaji intaneti, mashini inafanya kazi usiku umeme ukiwepo. Maandishi ya mkono haiwezi.

Haki: mwandishi ni mwanafunzi, chuo hakimiliki kazi yake kwa kuwa iko kwenye rafu zake. Kwa zinazokuja, weka karatasi ya idhini ndani ya dosie ya utetezi, isainiwe pamoja na zile nyingine. Kwa za zamani ambazo mwenyewe hapatikani, weka hadharani kichwa, muhtasari na mahali ilipo. PDF ibaki ndani ya maktaba.

Na usianze na seva ya DSpace. Ni programu nzuri ya kuendesha hifadhi ya chuo, lakini inataka mtu wa kuitunza kila wiki, nakala rudufu, umeme usiokatika. Mradi ukiisha, fundi anaondoka, seva inazimwa na viungo vyote vinakufa. Fungua jumuiya ndani ya Zenodo kwa jina la idara: bure, na wasimamizi wawili au watatu ndio wanaokubali au kukataa kila rekodi. Wasiwe mmoja, maana akipata doktora nje jumuiya inabaki yatima.

---

Jiwe_la_Moto

Swali la mwisho kwangu. Rekodi imeshachapishwa, mmoja wa waandishi anasema jina lake limeandikwa vibaya, na jedwali la Juni lina kosa. Tunafuta yote na kuanza upya?

---

Takwimu_Bkv

Hapana, msifute. Jina ni maelezo: fungua rekodi, bonyeza kuhariri, sahihisha, chapisha tena. DOI inabaki ile ile. Ongeza na ORCID yake hapo hapo kama ilikosekana.

Jedwali ni faili: bonyeza toleo jipya, leta faili za zamani, ondoa lile la Juni, pandisha lililosahihishwa. Toleo hilo linapata DOI yake. Kuna pia DOI ya juu inayowakilisha matoleo yote na kumpeleka msomaji kwenye la mwisho. Ndani ya makala taja ile ya toleo ulilolitumia hasa kwenye uchambuzi. Kwenye CV na ukurasa wa idara weka ile ya juu. Na ndani ya README ya toleo jipya ongeza mstari mmoja: tarehe, faili lipi, safu ipi, ilikuwa nini na sasa ni nini.